Nilianzia Shingoni

Miezi kumi na tisa, vipande vitatu vya ngozi, mirija ishirini na sita ya krimu, na sehemu ya kichwa cha mwanamke mmoja, upana wa kiganja changu, ambayo haitaota nywele tena. Hiyo ndiyo gharama. Nimeihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Mara ya pili nilitumaini kitu kitapungua. Hakikupungua.

Cherono, ambaye sasa anakalia kiti changu kwenye kliniki ya ngozi, aliniomba niandike kumbukumbu za kazi kwa ajili yenu mnaoingia. Alitaka, kwa maneno yake, kitu cha kuwatia moyo. Nilimwambia moyo una idara yake. Mimi nilikuwa wa ngozi. Basi pokeeni nilicho nacho.

Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, Kericho. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kulisha kuni kwenye boila ya kiwanda. Mama aliuza mitumba sokoni, na shule yangu ya kwanza ilikuwa hapo miguuni pake. Ukitajiwa bei, unacheka kwanza. Ukipewa chenji, unahesabu mbele ya mtu, halafu unageuka na kuhesabu tena. Elimu hiyo ndiyo iliyonifanya afisa wa kliniki mzuri, yaani yule mtu anayeitwa daktari mpaka siku daktari atakapofika. Ndiyo hiyo hiyo iliyoniharibu, lakini nitafika huko.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumanne, kwa sababu ngozi ilipewa Jumanne tu. Siku nyingine chumba kilikuwa cha chanjo, na mpaka nastaafu kulikuwa na picha ya mtoto anayelia ukutani. Nilikabidhiwa kwa Mzee Arap Koech, muuguzi aliyekuwa ameshughulika na ukoma tangu kabla sijajua kusoma. Hakuuliza vyeti.

"Macho yako mazuri?"

"Ndiyo, mzee."

"Vidole vinasikia?"

"Ndiyo."

"Basi funga mdomo, tufanye kazi."

Koech alikuwa na sheria moja na aliishika kama kafungwa nayo. Unaanza utosini, unashuka. Nyuma ya masikio, ndani ya masikio, mdomoni, shingoni, chini ya matiti, mgongoni, kucha, kati ya vidole vya miguu. Hata mtu akija na doa moja kwenye mkono. Nilimuuliza kwa nini tupoteze muda, na mgonjwa mwenyewe ameshaonyesha pale panapomsumbua. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa.

"Huyo amekuonyesha kile anachokionea haya kidogo," alisema. "Kile cha haya kubwa utakitafuta wewe."

Jambo la pili alilonifundisha linahusu mafuta. Watu wetu wana heshima inayotuharibia kazi. Mtu akijua kesho anakwenda hospitali, anaoga, anasugua, anajipaka mafuta mpaka anang'aa kama kiatu cha mchungaji. Anafika mezani pako bila gamba hata moja, na gamba ndilo lingekuambia huu ni ugonjwa gani. Kwa hiyo tulikuwa tunawaambia warudi Jumanne ijayo bila kuoga na bila mafuta. Mama mmoja wa Kipkelion aliniuliza kama hospitali inafanya utafiti juu ya uchafu.

"Nitakaaje na watu kwa foleni nikiwa hivyo, daktari?"

"Utakaa vizuri, mama. Foleni yote nimeikataza kuoga."

Alicheka, lakini alirudi ameoga. Wengi walirudi wameoga. Tulikubaliana mara ya tatu.

Sasa vifaa. Lenzi yangu niliinunua kwa fundi wa saa sokoni Kericho. Alitaja bei, nikacheka, nikamwambia hakuna mtu amewahi kuigusa hiyo lenzi tangu aiweke dirishani. Akauliza nimejuaje. Nikamwonyesha vumbi. Akanipa kwa nusu. Lenzi hiyo na tone la mafuta ya kupikia vilifanya kazi ambayo hospitali kubwa zinafanyia mashine: unadondosha mafuta juu ya kidoa cha zambarau, unainama na lenzi, na ukiona nyuzi nyeupe zimetandaa kama utando wa buibui kwenye mchai wenye umande, hiyo ni lichen planus, ugonjwa wa vidoa bapa vinavyowasha, andika ulale. Kifaa changu cha tatu kilikuwa muhuri wa mpira, mwili wa mtu, mbele na nyuma, niliochongewa na fundi wa mihuri. Nilipiga muhuri kwenye kila faili na kuchora madoa juu yake. Nilihesabu madoa mgonjwa akiniona, kisha nikayahesabu tena akinisimulia habari za ng'ombe wake, maana mtu akisahau kwamba anaangaliwa, anajikuna mahali pa kweli.

Nitawapa kisa kimoja nilichoshinda, ili msiseme mzee huyu ana kinyongo tu. Alikuja mkulima wa viazi kutoka Londiani, mwekundu kuanzia paji la uso hadi visigino. Kila alikopita waliandika psoriasis, ule ugonjwa wa wekundu na magamba meupe, na kila dawa ilimwacha alivyokuwa.

"Daktari," aliniambia, "mimi nauza viazi. Sasa nimekuwa karoti."

Karoti. Neno lake ndilo lililonifungua macho. Wekundu wa psoriasis hauna rangi ya chungwa. Nikamvua, nikaanza utosini. Katikati ya ule wekundu kulikuwa na visiwa vidogo vya ngozi safi kabisa, nyayo zake zilikuwa nene na za manjano kama nta, na mgongo wa vidole ulikwaruza kama tupa. Huo ni ugonjwa mwingine, wa nadra, wenye jina refu la Kilatini, unaovaa koti la psoriasis. Nilimwandikia daktari wa Nakuru, akakubaliana nami, dawa ikabadilishwa. Baada ya miezi kadhaa yule mtu aliniletea gunia la viazi. Nilikihesabu kisa hicho kama changu kwa miaka mingi, na sikukumbuka kwamba mgonjwa ndiye aliyenitajia rangi.

Haya magonjwa, yale ambayo hayaletwi na kuvu wala mdudu bali mwili wenyewe unajichoma, yanaazimana nguo kama watoto wa nyumba moja. Huyu amevaa shati la yule, yule ana suruali ya huyu. Kazi yenu ni kusema nani ni nani. Na mara chache sana hukuti mmoja aliyeazima. Unakuta wawili ndani ya shati moja. Hapo ndipo Mama Chebet anapoingia.

Chebet ni mke wa mwanangu Otieno. Mama yake ana ekari moja na nusu ya chai upande wa Kaplong, na huichuma mwenyewe. Tunaitana bamwai, jina ambalo huku wazazi wa bwana huwaita wazazi wa bibi, nao huwaita vivyo hivyo. Watu wa ziwa na Wakipsigis hatujakubaliana hata jinsi ya kupika mboga, lakini hapo tumekubaliana kabisa: bamwai hataniwi, hakaliwi karibu, na kichwa chake hakionwi wazi. Mimi ndiye niliyeongea siku ya mahari, na niliongea kama mtoto wa sokoni. Nilipunguza ndama wawili. Mama Chebet alirekebisha kitambaa chake tu. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu mbele yake kama mtu anayebeba mayai.

Alikuja kliniki Jumanne ya mvua, amevaa gambuti na kitambaa cha buluu kilichofungwa mpaka chini ya masikio. Aliketi upande, uso ukiangalia dirisha, akijikuna mikono.

"Chamgei, bamwai," alinisalimu.

"Chamgei mising," nilimwitikia. "Mikono ina nini?"

"Inawasha. Na hapa kiunoni. Usingizi hakuna."

Vidole vya mchuma chai huwa vyeusi kwa utomvu, na weusi huo hufika mpaka kifundo cha mkono, kwa hiyo rangi ya kidoa huwezi kuiamini. Niliona vidoa bapa kwenye vifundo. Muuguzi alimwinulia blauzi upana wa vidole viwili, na pale kiunoni palikuwa na mstari mzima wa vidoa, umenyooka kama umepigwa rula, mahali pale pale anapofungia ile aproni ya plastiki ya kuchumia. Mkanda wa kikapu nao ulikuwa na mstari wake begani. Nilihesabu arobaini na kimoja. Nikahesabu tena. Arobaini na kimoja. Mara zote mbili nilianzia shingoni.

Kwenye faili kuna mahali pa kichwa. Niliandika: sawa.

Hilo ndilo neno la uongo katika faili lile, na limeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri. Sikuwa nimemwona kichwa. Ningeweza kumwambia muuguzi amtazame nyuma ya pazia nami nitoke nje. Ningeweza kumtuma hospitali kubwa ya Kericho, akaonwe na mtu asiye mkwe wake. Niliyafikiria yote mawili, nayakumbuka vizuri. Lakini nilitaka aone kwamba yule mtu aliyepunguza ndama wawili anajua kazi yake. Na muhuri wangu ulinisaidia kudanganya. Sehemu ya kichwa ilikuwa imelika, kwa sababu ni ndogo na mimi hubonyeza kwa nguvu. Nilikuwa nimeenda kwa fundi nikitaka anichongee kichwa peke yake. Alisema anachonga mtu mzima au hachongi. Nilikataa kununua mwili mzima kwa ajili ya kichwa, tukabishana, nikaondoka nikijiona nimeshinda. Kwa hiyo Mama Chebet, kwenye karatasi, hakuwa na kichwa cha kuchoreka.

Kwanza nilisema ni aproni. Mzio wa plastiki. Nikampa krimu, nikamwambia avae nguo ya pamba ndani. Miezi ikapita, mstari wa kiunoni ukabaki. Ndipo nikakumbuka kwamba kuna magonjwa yanayofuata njia ya msuguano: unapojikwaruza, yanaota. Nikadondosha mafuta, nikainama na lenzi, nikaona nyuzi nyeupe. Lichen planus. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Nikakata kipande cha kwanza cha ngozi kwenda maabara, majibu yakakubaliana nami, krimu ikaongezwa nguvu, vifundo vikaanza kupoa.

Kila kiangazi kilipokuja, uso ulimwiva mashavuni. Nikasema ni jua la shambani. Nilikuwa sahihi, lilikuwa jua, na nilipaswa kujiuliza jua na lichen planus wanajuana wapi. Badala yake nikakata kipande cha pili, cha kwenye mkono. Aliyekisoma kule maabara Nakuru alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hutokea mara chache kama theluji Bomet.

"Hiki kipande kinanisumbua," alisema. "Ni lichen planus, lakini kuna vitu viwili vitatu si vyake. Kichwa umeangalia?"

"Kiko sawa."

"Masikio? Ndani ya masikio?"

"Sawa."

"Haya, wewe ndiye umemwona."

Niliweka simu. Ningeweza kumpigia tena. Namba yake ilikuwa hapo juu kabisa.

Mwezi wa kumi na tisa nilienda mazishini nyumbani kwetu ziwani, wiki moja. Cherono alikuwa na miezi miwili kwenye kliniki, afisa mpya kutoka chuo, na alikuwa ameshaniudhi. Alichukua faili langu la kwanza mbele ya wagonjwa akauliza, "Daktari, huyu mtu wako mbona hana kichwa?" Nikamjibu kwamba kichwa kinajulikana kilipo. Tangu hapo alikuwa anachora vichwa kwa kalamu, vyenye masikio, na vingine alivitilia tabasamu. Niliporudi kutoka mazishini alifunga mlango akabaki amesimama.

"Daktari, pole na msiba. Yule mama wa Kaplong. Mkwe wako."

"Amefanya nini?"

"Hana nywele."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alifungua faili. Alikuwa amechora kichwa kikubwa kuliko mwili, na juu yake doa kubwa lililopakwa wino wote.

"Ulimwambia nini hata akavua?"

"Nilimwambia, 'Mama, toa kitambaa.'"

"Na yeye?"

"Akatoa."

"Hivyo tu?"

"Sekunde nne, daktari. Unataka nihesabu tena?"

Niliomba aitwe nimwone siku hiyo hiyo, Cherono akiwepo. Mama Chebet alivua kitambaa bila kuniangalia. Utosini palikuwa laini, panang'aa, hapana hata kitundu cha nywele. Pale hapaoti tena, kovu limeziba. Pembeni palikuwa na ukingo mweusi wenye magamba yaliyoshika kama misumari. Ndani ya masikio kulikuwa na vidoti vigumu vilivyoziba vitundu. Mkono na kiuno chake vilikuwa vya lichen planus. Kichwa, masikio na yale mashavu ya kiangazi vilikuwa vya lupus, ile ya ngozi, inayochochewa na jua na kuacha makovu. Magonjwa mawili ndani ya shati moja, nusu juu ya meza yangu na nusu chini ya kitambaa, nami nikaisoma nusu moja miezi kumi na tisa na kujisifu.

Hapa shikeni jambo la kazi. Kipande cha tatu tulikikata ukingoni, mahali ugonjwa ulipo hai, si katikati kwenye kovu ambako hakuna wa kuhojiwa. Tukakigawa. Nusu kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia, kama kawaida. Nusu nyingine kwenye maji ya chumvi ya dripu, na ikasafiri siku hiyo hiyo, kwa sababu kile kipimo cha kutenganisha wawili hawa kinauawa na formalini. Mkono wangu ulishaanza kutumbukiza nusu zote mbili kwenye formalini, kwa mazoea. Cherono ndiye aliyeushika.

Majibu yalisema yote mawili yapo. Alianzishiwa vidonge, sindano za kichwani, kofia pana ya shambani juu ya kitambaa. Baada ya miezi minne ukingo ulipoa na doa likaacha kukua. Mikono ni safi. Anachuma chai. Ukisoma faili, ni kisa kizuri, na daktari wa Nakuru aliwahi kukisimulia mbele ya wanafunzi kama mfano wa utambuzi makini. Nilikuwa nimeketi mstari wa nyuma. Sikunyoosha mkono.

Siku ya sindano ya mwisho ndipo nilipomuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi.

"Bamwai, mbona hukuniambia habari ya nywele?"

Alikuwa anafunga kitambaa. Alimaliza fundo kwanza.

"Nilikuwa nangoja uniulize. Wewe ndiye unajua maneno ya ngozi. Nikasema, kama hii ya kichwa ni ugonjwa, bamwai angeuliza. Hukuuliza. Nikajua ni uzee, nikanunua kitambaa kikubwa."

Cherono alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

"Siku ile ya kwanza nilikuja," Mama Chebet akaendelea, "palikuwa kama kifuniko cha soda. Nilikuwa napima na kidole kila Jumapili. Ungeangalia siku ile, nywele zingebaki?"

"Ngozi ni kitu kigumu," nilisema. "Hatuwezi kujua."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari aliniangalia moja kwa moja.

"Sawa, bamwai," akasema, akachukua mwavuli wake.

Sikudanganya kabisa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuapa juu ya kichwa cha mwingine. Lakini nimeona vichwa vya kutosha. Kifuniko cha soda, ukingo hai, dawa mapema: nyingi zingebaki. Si zote. Nyingi. Nililijua jibu hilo kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa nimestaafu, muhuri nimeuchongesha upya kwa bei kamili bila kubishana, na nimeuacha kwenye droo ya juu. Una kichwa. Ningependa kuishia hapo, maana pangependeza. Lakini juzi Chebet alinipigia. Jumapili mtoto wao anabatizwa, na sisi mababu na nyanya tutaketi benchi moja la mbele, mchungaji amepanga hivyo. "Mama ameuliza kama utakuwepo," alisema. "Anasema kuna kitu alikuuliza na hujamjibu."

Mke wangu anasema ninyamaze, nisije nikatia ufa katika nyumba ya watoto kwa ajili ya dhamiri yangu. Otieno hajui lolote. Cherono nilipomuuliza alisema hiyo si ya kliniki, halafu akasema kama ni mama yake angetaka kujua. Mzee Koech angeniambia nifunge mdomo, au angeniambia niufungue. Amekwisha kufa na siwezi kumwekea maneno.

Cherono ataweka maandishi haya kwenye grupu la kliniki leo jioni. Nyinyi mnaoketi na wagonjwa kila Jumanne, na wenye wakwe, nisaidieni. Akiniuliza tena, hapo benchi la mbele, mtoto akiwa mikononi mwake, nimwambie nyingi zingebaki? Au niseme tena lile nililosema? Jumapili ni siku nne kutoka leo, nimehesabu mara mbili. Niandikieni kabla ya hapo, hata mstari mmoja, mniambie nianzie wapi.